Imetoka au Ameitoa?

Mwanamke wa Chonyonyo, kata ya migomba na kahawa wilayani Karagwe, akianza kuvuja damu mimba ikiwa na miezi mitatu, majirani watasema moja kati ya mawili: mimba imetoka, au ametoa mimba. Herufi moja tu inatenganisha pole na tuhuma. Kutoka ni jambo lililompata. Kutoa ni jambo alilolitenda, na nyuma yake kuna polisi na Kanuni ya Adhabu. Ndiyo maana wapo wanaobaki ndani na kanga zimelowa damu, wakisubiri giza liingie, badala ya kupanda bodaboda kuwahi zahanati au Hospitali ya Nyakahanga.

Wizara ya afya na watumishi wake wana istilahi inayokusudiwa kumtoa mwanamke huyo ndani: huduma baada ya mimba kuharibika. Maana yake ni matibabu ya damu na maambukizi, kusafisha kizazi kwa bomba la kufyonza la mkono au kwa vidonge vya misoprosto, kisha ushauri na uzazi wa mpango kabla mgonjwa hajarudi nyumbani. Aliyeiunda alichagua vizuri. Kiambishi -ik- katika kuharibika kinaeleza hali iliyofikiwa na kunyamazia mtendaji. Kikombe kimevunjika: nani amekivunja? Kitenzi hakijibu, na muuguzi naye hana haja ya jibu ili azuie damu.

Istilahi ya kigeni iliyotoholewa haina staha hiyo. Madaktari wetu, waliosomea kwa Kiingereza, husema abosheni kwa kila mimba inayokoma kabla ya wiki 28, iwe imetoka yenyewe au imetolewa. Wana abosheni inayotishia, isiyozuilika, isiyokamilika na iliyokamilika. Hayo ni maelezo ya hali ya kizazi tu. Lakini shemeji akiliona neno hilo kwenye cheti cha mgonjwa, analisoma kwa maana ya mtaani, na mama aliyempoteza mtoto aliyemtamani anarudi nyumbani akiwa mshukiwa. Abosheni isiyokamilika ingeandikwa "mimba iliyoharibika bila kutoka yote". Ni maneno mengi zaidi, lakini yanamlinda mtu.

Kuna pia kusafishwa, neno analolitumia kila mtu, na lenye hatari yake. Aliyesafishwa hospitalini baada ya mimba kutoka na aliyesafishwa kwa siri kwenye chumba cha nyuma ya duka la dawa wote "wamesafishwa". Neno linasitiri aibu, ila linaficha pia tofauti kati ya vifaa vilivyochemshwa na visivyochemshwa.

Kwa upande wa sheria, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, tuliirithi kwa Mwingereza, na vifungu vyake vya kutoa mimba vinafuata sheria ya Uingereza ya mwaka 1861. Kifungu cha 150 kinamtishia anayemtoa mwanamke mimba kifungo cha miaka 14. Cha 151 kinampa mwanamke mwenyewe miaka 7. Cha 152 kinampa miaka 3 anayetoa dawa au vifaa huku akijua vinakwenda kutumika kwa kazi hiyo. Vyote vitatu vimefungwa na neno ambalo wasemaji wa redioni na mimbarini hulidondosha: kinyume cha sheria. Kama kuna kutoa kuliko kinyume cha sheria, basi kupo kusiko kinyume. Kifungu cha 230 kinamkinga anayefanya upasuaji kwa nia njema, uangalifu na ujuzi ili kuokoa maisha ya mama. Chini ya sheria hiyohiyo ya 1861, mwaka 1938 mahakama ya London ilimwachia daktari Aleck Bourne, aliyemtoa mimba binti wa miaka 14 aliyebakwa, na mwaka 1959 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la Mehar Singh Bansel lililotoka Kenya, iliufuata mwelekeo huo.

Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, mwaka 2007. Ibara ya 14 inazitaka nchi kuruhusu utoaji mimba wa kitabibu pale ambapo mimba imetokana na kubakwa au kujamiiana kwa maharimu, au inapohatarisha afya ya mama, ya mwili au ya akili, au maisha yake au ya kijusi. Kenya na Uganda ziliweka pingamizi kwenye sharti hilo; sisi hatukuweka. Hata hivyo mkataba kwetu hauwi sheria ya mahakamani mpaka Bunge liutungie sheria, na Bunge halijafanya hivyo. Huu ndio mjadala halisi, nami naona unastahili kufanywa kwa uwazi bungeni. Binti aliyebakwa hapaswi kutegemea ujasiri wa daktari mmoja na kumbukumbu ya kesi ya zamani ya London.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kuwa mwaka 2013 mimba zipatazo 405,000 zilitolewa nchini, na wanawake wapatao 66,600 wakatibiwa madhara yake katika vituo vya afya. Kiwango cha juu kabisa kilikuwa Kanda ya Ziwa, ambako Kagera imo. Kwa hiyo istilahi ya nne, utoaji mimba usio salama, inatuhusu sisi hasa. Isichanganywe na "usio halali": usio salama ni ule unaofanywa na asiye na ujuzi, au mahali pasipofikia viwango vya tiba, au vyote viwili. Kipimo hapo ni mikono na vifaa.

Majirani zetu Wakenya huandika uavyaji mimba, na kuavya ni neno zuri la kamusi. Chonyonyo, ambako watu wanaongea Kinyambo nyumbani, nadhani halitaeleweka haraka kama kutoa. Nisingelilazimisha.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria, na sheria zimekuwa zikitafsiriwa. Mfasiri wa kifungu cha 150 aandike "kutoa mimba kinyume cha sheria" kila mara, asikate mkia huo. Kuharibika akuache zahanatini, kwenye daftari la mkunga, ambalo linahitaji majibu ya maswali machache: damu imeanza lini, imelowesha kanga ngapi, kuna homa, kuna harufu, presha ni ngapi, mapigo ya moyo yanakwendaje.