Ngao za Askari wa Risasi na Daftari la Warumi

Ndugu Mhariri aliponitaka niandike makala ya historia kwa ajili ya jarida letu, nadhani alitazamia habari za mabweni, kengele ya alfajiri na uji usio na sukari. Hayo wenzangu wamekwisha kuyaeleza vizuri katika matoleo yaliyopita. Mimi nawaomba radhi, kwani nitasimulia juu ya askari wa kuchezea, wenye kimo cha milimita 25, na ngao zao.

Nilipopelekwa Uingereza kwa masomo ya mwaka mmoja, nilipanga chumba katika nyumba ya mzee mmoja mstaafu. Kila jioni baada ya chakula mzee yule alitandika gazeti mezani, akavaa miwani juu ya miwani, akashika brashi yenye ncha kama sindano na kuanza kuwapaka rangi askari wake. Siku za kwanza nilidhani uzee umemrudisha utotoni. Baadaye niliona haya kwa kufikiri hivyo.

Mchezo wa vita una asili ya heshima. Mwaka 1812 Georg Leopold von Reisswitz alimletea mfalme wa Prussia meza ya kuchezea vita, na mwaka 1824 mwanawe akachapisha kanuni kamili za mchezo huo, ambao maofisa wa jeshi waliucheza juu ya ramani kwa vipande vya risasi vyekundu na vya buluu. (Risasi hapa ni madini, si ile itokayo mtutuni.) Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ikaanza kutengeneza askari wenye uwazi ndani, wepesi na wa bei nafuu, na mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells akatoa kitabu cha kanuni za kupigana nao sakafuni. Kuanzia miaka ya 1960 wapo Waingereza waliojishughulisha na vita vya kale hasa, na hao ndio walioangukia katika taabu ya ngao.

Hebu fanyeni hesabu, enyi mlio madarasani. Ikiwa mtu mzima amepunguzwa akawa milimita 25, ngao yake ya mita moja inakuwa kama milimita 14. Katika duara hilo dogo kuliko kifungo cha koti mchoraji anatakiwa kuweka tai, jua au nyoka wawili. Mzee wangu alianza kwa rangi nyeupe, akaiacha ikauke usiku kucha, kisha akachora kutoka kwenye kitovu cha ngao kwenda ukingoni, rangi nyepesi kwanza na nyeusi mwisho, huku akibana pumzi kila mstari. Ngao moja ilimchukua jioni nzima. Na alikuwa na askari zaidi ya mia mbili!

Kwa nini ajisumbue hivyo? Kwa sababu alama ile ilikuwa na kazi. Vegetius, Mrumi aliyeandika juu ya mambo ya jeshi, anaeleza kwamba kila kikosi kilichora alama yake katika ngao ili askari wasipoteane na wenzao katika msukosuko wa vita, na jina la askari liliandikwa humo pia. Sisi hatuna haja ya kwenda Roma kulielewa jambo hili: Wamasai walikuwa na sirata zao katika ngao, na mtu hakujichorea apendavyo.

Lakini ngao za mbao na ngozi huoza. Za Kirumi zilizosalia na rangi zake ni chache sana, kama zile zilizofukuliwa Dura-Europos huko Syria. Mchoraji anapata wapi basi alama za vikosi vingi? Hapa ndipo mtumishi wa serikali kama mimi alipochomwa na hamu. Anazipata katika daftari la ofisi! Linaitwa Notitia Dignitatum, yaani orodha ya vyeo vyote vya dola ya Kirumi, sehemu ya mashariki ikielekea kuwa ya karibu na mwaka 395 na ya magharibi ikifikia miaka ya 420. Aliyekabidhiwa orodha kama hiyo alikuwa mkuu wa makarani. Humo mna mabwana wakubwa, vikosi vilivyo chini yao, makarani wa kila ofisi kwa daraja zao, hata idadi ya hati za usafiri ambazo bwana fulani aliruhusiwa kwa mwaka. Nilipoisoma hiyo nilicheka peke yangu. Fomu za safari hazikuanza kwetu. Na mbele ya orodha za majemadari zimechorwa ngao, safu kwa safu, kila moja na jina la kikosi. Mojawapo inafanana kabisa na ile alama ya Wachina ya duara lenye nusu mbili zilizopindana.

Tatizo ni kwamba daftari la asili halipo. Nakala moja ya zamani ilikuwa Speyer, Ujerumani, nayo ikapotea. Tulizo nazo ni nakala za nakala hiyo. Moja ilifanywa mwaka 1436 kwa ajili ya askofu Pietro Donato, nayo sasa iko Oxford. Nyingine iko Munich, nayo ina picha mara mbili: za kwanza mchoraji alizigeuza zikafuata mtindo wa siku zake, ndipo zikafanywa za pili kwa kufuatisha mistari ya nakala ile ya Speyer. Rangi nazo hazipatani. Mwaka 1983 msomi Robert Grigg alitoa hoja nzito zaidi: kwamba hata wachoraji wa mwanzo hawakuwa na habari za vikosi vyote, wakachoka, wakajaza nafasi kwa miduara ya kubuni. Wako wanaompinga, lakini mtu akizitazama zile safu za miduara iliyofanana ni vigumu kumpuuza.

Mimi namwamini Grigg, na nitasema sababu. Nilipoanza kazi nilipewa orodha ya watumishi niinakili upya. Watu kumi na mmoja walikuwa wameajiriwa tarehe moja, mwezi mmoja, mwaka mmoja. Nilinakili kama nilivyoikuta. Miaka michache baadaye mzee mmoja kati ya hao alikuja kudai mafao yake, akaambiwa kwamba miaka yake sita ya mwanzo haimo. Karani aliyenitangulia alikuwa amekosa tarehe zao akaona aibu kuacha nafasi wazi, na mimi nikaipa aibu yake mwandiko mzuri. Mzee yule alihangaika miezi kumi na minne kabla barua yake ya kwanza ya ajira haijaonekana katika jalada lisilo lake.

Nilimsimulia mwenye nyumba wangu kisa hiki siku aliponionyesha kitabu chenye zile ngao, nikamwuliza kama anajua kwamba huenda nyingine ni za uongo. Alijua. Alikuwa na kikosi kizima ambacho ngao zake amezipaka rangi moja tu, nyekundu, bila alama yoyote, na wenzake walimtania kwamba amekuwa mvivu.

Nilipoondoka alinipa askari mmoja wa kikosi hicho. Siku ya mkutano wetu nitakuwa naye mfukoni. Atakayependa kumwona aje na lenzi.