Sungura wa Peter: Chimbuko la Tiba ya Wasiwasi kwa Watoto

Tiba ya utambuzi na tabia humsaidia mtoto mwenye wasiwasi kwa njia mbili: kuyapima mawazo yanayomtisha, na kukisogelea hatua kwa hatua kile anachokihofia. Njia ya pili ndiyo kongwe.

Mwaka 1920, huko Baltimore, Marekani, John B. Watson na Rosalie Rayner walimtia mtoto wa miezi 11, waliyemwita Albert, hofu ya panya mweupe kwa kugonga chuma kwa kishindo kila alipomgusa. Albert aliondoka kabla hofu hiyo haijaondolewa.

Namna ya kuondoa hofu kama hiyo ilionyeshwa New York na Mary Cover Jones, aliyechapisha kisa cha Peter mwaka 1924. Peter, ambaye hakuwa ametimiza miaka mitatu, aliogopa sungura, manyoya, hata pamba. Kwanza watoto wasioogopa walicheza na sungura, Peter akitazama. Katikati ya kazi Peter aliugua akalazwa. Siku ya kutoka hospitalini akarukiwa na mbwa mkubwa, hofu ikarudi. Kazi ikaanza upya: Peter alipokuwa akila chakula akipendacho, sungura aliletwa ndani ya tundu na kuwekwa mbali, kisha akasogezwa kadiri mtoto alivyostahimili, hadi akamwacha sungura amtafunetafune vidole.

Mwaka 1958 Joseph Wolpe wa Afrika Kusini aliupangia usogezaji huo ngazi maalumu kwa watu wazima. Miaka ya 1960 Aaron Beck wa Philadelphia akageukia mawazo ya wagonjwa wenye sonona.

Philip Kendall, katika Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia, aliziunganisha njia hizo kwa ajili ya watoto. Katika programu yake, Coping Cat, mtoto hujifunza kutambua tumbo linalomsokota kuwa dalili ya woga, hujiuliza anatarajia baya gani, hupanga la kufanya, kisha hujipongeza kwa kujaribu. Matokeo ya utafiti wa watoto 47 yalitoka mwaka 1994. Utafiti wa mwaka 2008 kwa watoto na vijana 488 ulionyesha nafuu kubwa kwa takribani asilimia 60 waliopata tiba hii pekee, na asilimia 81 walioipata pamoja na dawa.

Huko Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya, tawi la tiba hii linalohusu kiwewe lilifundishwa kwa washauri wasio wanasaikolojia, wakawahudumia watoto waliofiwa na wazazi. Matokeo ya mwaka 2020 yalionyesha nafuu, hasa upande wa Kenya.