Singo Haikuwa Dawa ya Chunusi

Katika maduka ya Unguja mjini, kuanzia Darajani hadi vichochoro vya Hurumzi na Shangani, singo, unga wa kunukia wa kusugulia mwili, siku hizi huuzwa kwenye pakiti na vikopo, na mara nyingi ahadi inayoandamana nayo ni moja: itaondoa chunusi na madoa usoni kwa njia ya asili waliyoitumia mabibi zetu. Ahadi hiyo imeegemea historia. Mnunuzi haonyeshwi matokeo ya maabara wala kauli ya daktari wa ngozi. Anakumbushwa bibi harusi wa Kiunguja, ngozi laini, harufu imetangulia kabla yeye hajaingia, kisha anaachwa afikie uamuzi mwenyewe. Basi ni haki kuiuliza historia hiyo inashuhudia nini hasa. Nijuavyo mimi, inashuhudia kwamba singo ilikuwa na kazi kubwa, ila kazi hiyo haikuwa kutibu chunusi. Na kwamba sehemu kubwa ya nguvu yake ilitoka katika utaratibu uliozunguka mimea, jambo ambalo haliwezi kutiwa kwenye kikopo.

Tuanze na mchanganyiko wenyewe. Kila nyumba ina namna yake, lakini asumini, waridi, mrehani, mkadi, langilangi na karafuu havikosi kutajwa. Hukaushwa, hutwangwa, hurowekwa kwa marashi ya mawaridi, kisha mwili husuguliwa mpaka nongo zitoke. Vitu hivi havikutoka shamba moja. Karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, na ilifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kwa kupitia visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Langilangi ni mti wa Asia ya Kusini-Mashariki. Marashi ya mawaridi yana historia ndefu Uajemi na Oman. Kwa hiyo singo ni kazi ya mji wa bandari: wanawake walichagua katika vilivyoshushwa na majahazi na vilivyoota mashambani, wakaunganisha kwa makusudi. Na ukitazama walichochagua, kusudi lenyewe linaonekana. Karibu kila kiungo kimeingizwa kwa ajili ya harufu. Mtu anayetafuta tiba ya vipele hakusanyi maua ya asumini.

Maandishi ya karne ya 19 yanaelekea huko huko. Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na baadaye kujulikana Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886. Anapoeleza maisha ya jumba la kifalme, anayatilia uzito maji ya kuoga, mwili kukandwa taratibu, nguo kutiwa maua usiku na kufukizwa asubuhi. Majengo nayo yanasema. Bafu za Kidichi zilijengwa mwaka 1850 kwa ajili ya mke wa Seyyid Said aliyetoka Uajemi. Na katika Mji Mkongwe, Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijenga bafu za Hamamni, ambako mwananchi aliweza kulipa na kuingia, mpaka zilipofungwa mwaka 1920. Kinachojirudia ni maji, joto, kukandwa, muda na harufu. Uzuri ulikuwa shughuli ya mwili mzima, na aliyeutafuta hakukabidhi uso wake kwa unga mmoja tu.

Hata hivyo, kuna shahidi mmoja anayeonekana kuwasaidia wauzaji, nami sitaki kumpita kimya. Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza, alipochapisha kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, aliieleza liwa kuwa mti wa kunukia kutoka Madagascar unaosagwa kwa urembo, na pia kupakwa kama dawa ya harara. Huo ni ushahidi wa matibabu ya ngozi, tena wa zaidi ya miaka 150. Lakini usomwe kama ulivyo. Kwanza, unahusu liwa, ambayo husagwa juu ya jiwe kwa maji na kupakwa ikakaukia. Haisuguliwi kama singo. Pili, unahusu harara. Harara hutokea vijia vya jasho vinapoziba wakati wa joto, na rojo baridi juu ya ngozi huleta nafuu. Chunusi ni jambo jingine: mafuta ya ngozi, seli zilizokufa na bakteria ndani ya kitundu cha unywele, vikichochewa na homoni. Ukiisugua chunusi iliyovimba kwa unga wenye chembe, unaiudhi zaidi, na ngozi nyeusi ikiudhiwa hubaki na doa kwa miezi. Ndiyo maana kikopo kinachochanganya singo na liwa, kikaamuru uso usuguliwe kila siku, kinaweza kuzalisha madoa yale yale kinayoahidi kuyafuta. Wazee walitenganisha cha kusugua na cha kupaka, na utengano huo ni elimu tunayoitupa bila kujua.

Atakayenipinga atasema kwamba mimea hii ina nguvu iliyothibitika, na kweli inayo. Mafuta ya karafuu yana yujenoli, ambayo huua bakteria. Lakini kemikali hiyo hiyo huwasha ngozi ikizidi, na mafuta ya langilangi yanajulikana kuwaletea baadhi ya watu mzio. Nguvu ya mmea ndiyo sababu ya kuhitaji kipimo, na kipimo kilikuwa mikononi mwa somo, yule mwanamke aliyemfunda na kumtunza bibi harusi. Bibi harusi alitiwa ndani kwa siku kadhaa kabla ya ndoa, mbali na jua, vumbi na moshi wa jikoni. Somo alimsinga mwenyewe, kwa mkono uliozoea, akiiona ngozi yake leo na kesho, na aliweza kupunguza au kuacha. Fungate nayo ilikuwa na uangalizi wake. Mwanamwali aliyepumzika hivyo, akaogeshwa na kukandwa, angetoka na ngozi njema hata kama karafuu ingesahauliwa. Kikopo kinampa mnunuzi unga peke yake, anaupaka saa kumi na mbili asubuhi na saa mbili yuko juani akisubiri daladala.

Pingamizi lililo zito zaidi ni la haki. Mikono iliyosaga na kukanda katika majumba ya Mtoni ilikuwa ya watumwa, na utaratibu ninaousifu uliwezekana kwa sababu muda wao haukuwa mali yao. Nalikubali bila masharti. Utumwa uliondolewa kisheria Unguja mwaka 1897, na masuria walisubiri mpaka 1909. Lakini elimu haikubaki kwa mabwana. Ilikwenda mitaa ya Ng'ambo na mashamba, kwa makungwi walioifanya kazi yao ya heshima na ya kipato. Fatuma binti Baraka, Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, dunia ilimjua kwa sauti. Unguja ilimjua pia kwa unyago, na kwa wanja na hina alizotengeneza. Kuwatambua wanawake wa aina yake kuwa wataalamu kunadai tuwaulize walifanya nini, kwa mpangilio gani, na walimkatalia nani, kabla hatujachukua orodha ya viungo vyao na kuiita ya asili.

Wengine watasema afadhali singo isiyofaa kuliko mkorogo. Nami nasema hivyo hivyo; zebaki na haidrokwinoni zimeharibu nyuso na figo, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulilenga, pamoja na mengine, vipodozi vyenye zebaki. Ila nahofia kwamba singo inauzwa sasa kwa ahadi iliyoazimwa kutoka kwa mkorogo wenyewe: kung'arisha, kutakatisha, kuufanya uso uwe mweupe. Ahadi hiyo siioni katika ushahidi wa zamani. Steere huyo huyo alipoeleza dalia, ule unga wa manjano ambao wanawake wa Unguja waliupenda, aliandika kwamba ulisemekana kuilainisha ngozi na kuipa harufu nzuri. Hakutaja weupe. Anayetaka ulaini na harufu bado anaweza kuvipata Darajani kwa bei ndogo, mradi aitumie singo mwilini, usoni apitishe liwa tu baada ya kuijaribu ndani ya mkono, na chunusi zake azipeleke kwa daktari wa ngozi.