Kinywa mbele, mkono nyuma: namna ya kujizoeza ngoma katika nchi ya Waluba

Watu wakisikia jina la Kamina katika mambo ya muziki, wanawaza mara moja Missa Luba. Ni haki yao. Lakini wengi wanauliza nani aliitunga, hawaulizi namna gani waimbaji walijizoeza. Ulizo hilo la pili ndilo linatufaa sisi wa Sanga tunaofundisha watoto kupiga ngoma.

Tuanze na kyondo, ngoma ya mti mtupu isiyo na ngozi, iliyochimbwa ndani na kupasuliwa juu. Kiluba ni luga ya sauti mbili, ya juu na ya chini. Ukikosa sauti, unaweza kusema neno lingine kabisa. Midomo miwili ya kyondo nayo inalia hivyo, mmoja juu, mwingine chini. Kumbe haichezeshi watu tu, inasema. Ilitangaza kifo, iliita watu, ilisifu wakubwa.

Leo kijana anaanza na mikono, anapiga mbio, anafurahi na kelele. Kazi ya bule! Aseme kwanza sentensi yote. Kiisha aimbe sauti zake pasipo maneno. Kiisha apige, polepole. Akipotea, asirudie mkono, arudie sentensi. Tena sentensi nzima: John Carrington, mmisionari wa Yakusu karibu na Kisangani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1949 kwamba maneno mengi yanafanana kwenye ngoma, ndiyo maana wapigaji wanarefusha jina kwa maneno ya sifa mpaka lisichanganyike na lingine. Anayejizoeza neno mojamoja anajizoeza kitu ambacho hakuna mtu atakielewa.

Mtihani wake ni rahisi. Mwenzake asimame mbali, aseme alichosikia. Kama yeye alitangaza kilio na mwenzake akasikia sikukuu, basi, warudie kesho.

Sasa turudi kwa kwaya. Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, alifika Kamina mwaka 1953, na mwaka uliofuata kwaya ikaanza: watoto karibu 45 na walimu karibu 15. Tarehe 23 Machi 1958 waliimba misa hiyo Kamina mara ya kwanza, kabla ya kwenda Ulaya, kwenye Maonyesho ya Brussels. Mwalimu Joachim Ngoi ndiye aliyeongoza kwa sauti yake. Hawakushika karatasi za noti, zilikuja nyuma. Walijenga juu ya namna za nyimbo walizozijua, mmoja akibuni, wenzake wakimjibu palepale.

Wazungu wengi waliita jambo hilo kipaji cha kuzaliwa, na wenyeji nasi tukapokea sifa. Mimi sikubali. Neno hilo linaficha kazi ya kusikiliza na kurudia pamoja, tena linamwambia mtoto asiyeweza mara ya kwanza kwamba hakuzaliwa nayo.

Mti wa kuchonga kyondo bado unapatikana. Sentensi ndizo zinakwenda na wazee. Vijana wengi wanarekodi mzee akipiga, kwa simu, na wanatosheka. Wamwombe pia aseme kwa kinywa kile alichopiga, pole pole, mara mbili, katika rekodi ileile. Bila hivyo wanabeba barua ambayo hakuna mtu atajua kuisoma.