Nilikosea kuhusu maporomoko ya Karuru

Wasee, leo nafuta kapsheni yangu mwenyewe. Wiki iliyopita niliposti video ya maporomoko ya Karuru, ndani ya hifadhi ya Aberdare, nikaandika: "Mahali ambapo binadamu hajawahi kugusa." Mliipenda sana. Shida ni kwamba si kweli.

Uzuri wake hauna ubishi. Karuru inaanguka mita 273 kwa ngazi tatu, na ng'ambo ya bonde unaona maporomoko ya Gura. Ukungu ukifunguka kidogo tu, unanyamaza.

Nilimwonyesha shosho yangu hiyo video. Akaitazama kimya, halafu akauliza, "Mlilipa pesa kuingia huko?" Nikamwambia ndio, getini. Akacheka. "Sisi tukiwa watoto, ukionekana kwa huo msitu unapigwa risasi."

Hapo ndipo nikaanza kusoma.

Hifadhi ilianzishwa 1950. Oktoba 1952 mkoloni akatangaza hali ya hatari, na 1953 msitu huu ukawa eneo la marufuku. Mwafrika aliyeonekana ndani angeweza kuuawa bila kuulizwa swali. Ndege za kijeshi za Uingereza ziliudondoshea mabomu. Kuanzia 1954, zaidi ya watu milioni moja wa Mlima Kenya walihamishwa kwa nguvu kwenda vijiji vilivyozungushiwa mitaro na kulindwa na askari, ili wasiwapelekee wapiganaji chakula.

Na hao wapiganaji wa Mau Mau walikuwa wapi? Humu humu. Walilala kwa hii baridi iliyonishinda saa tatu tu, nikiwa na jaketi. Dedan Kimathi alikamatwa 21 Oktoba 1956 pembeni mwa msitu huu, upande wa Nyeri, akanyongwa Kamiti 18 Februari 1957. Mkewe, Mukami, aliomba miaka mingi apewe mabaki ya mumewe ayazike. Alifariki Mei 2023 bila kumzika.

Angalia sasa hata jina. Shosho haiti huko Aberdare, anaita Nyandarua. Aberdare alikuwa bwana mmoja wa Uingereza, rais wa Royal Geographical Society, chama kilichomtuma Joseph Thomson huku miaka ya 1883 na 1884. Thomson akaona milima iliyokuwa na jina tayari, akaipa jina la mkubwa wake. Na sisi bado tunaliandika kwa hashitegi.

Unaweza kusema, si mngeuliza wazee mapema? Kumbuka Mau Mau ilibaki marufuku kisheria mpaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Mtu aliyefundishwa kunyamaza tangu utotoni haanzi tu kusimulia juu umewasha kamera.

Sisemi msiende Karuru. Endeni, na mbebe nguo nzito. Lakini tukiandika "hajaguswa na binadamu", tunawafuta watu walioishi na kufia pale, kazi ambayo mkoloni aliijaribu kwa mabomu.

Kapsheni mpya nimeandika hivi: "Karuru, Nyandarua. Watu waliishi hapa ili mimi niingie kwa tiketi."

Na kama bado uko na shosho au guka, muulize wikendi hii. Simu weka mfukoni kwanza.