Nani Aliweka Saa Hii?

Siku ya nne ya Ramadhani, mwaka 2024, simu yangu ililia saa moja na nusu asubuhi. Alikuwa adeer, mdogo wake marehemu baba, na hakunisalimia vile huwa ananisalimia.

"Ujumbe wako wa daku umeingia sasa hivi," akasema. "Jua liko juu ya miti. Unataka nile nini?"

Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimetengeneza tovuti ndogo ya nyakati za swala za Hadado. Si kazi ya kujivunia sana. Ukurasa mmoja, nyakati tano, na ujumbe wa simu uliotumwa saa kumi na nusu alfajiri kwa watu thelathini na kitu waliojiandikisha, ili waamke wale kabla ya adhana. Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, kwa hivyo tovuti kama hizi ndizo shule yangu, na wakati mwingine ndizo mkate wangu.

Usiku huo kampuni niliyokuwa nimekodi nafasi kwake ilihamisha tovuti kutoka seva moja hadi nyingine. Seva ya zamani ilikuwa imewekwa saa ya Nairobi. Mpya ilikuwa imewekwa UTC, ile saa ya dunia ambayo sisi tuko mbele yake kwa saa tatu. Programu yangu haikuwa na neno lolote kuhusu saa. Nilikuwa nimeitegemea mashine bila kujua kwamba naitegemea. Basi ujumbe ukachelewa saa tatu, na ukurasa nao ukawahi saa tatu, ukasema Magharibi ni saa tisa na nusu alasiri. Hilo la pili watoto walilicheka mchana kutwa. La kwanza halikuchekwa. Ayeeyo, ambaye ana zaidi ya miaka sabini, alifunga siku hiyo kwa maji aliyokunywa jana yake usiku. Tulimsihi afungue, akakataa.

Kurekebisha kulinichukua chini ya dakika moja. Unafungua faili ya mipangilio, unaandika Africa/Nairobi, unahifadhi. Ni urahisi huo ulionisumbua. Neno moja lilikuwa limemnyima ayeeyo chakula, na sikujua limetoka wapi wala nani aliliweka. Nikaanza kulifuata.

Africa/Nairobi ni jina la mstari katika hifadhi ya data ya saa za dunia. Mmarekani Arthur David Olson aliianzisha miaka ya 1980, na kwa miaka mingi sasa imetunzwa na Paul Eggert wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, pamoja na watu wa kujitolea wanaotumiana barua pepe. Tangu mwaka 2011 iko chini ya mwavuli wa shirika la ICANN, lile linalosimamia majina ya intaneti. Simu yako inaisoma. Seva za benki zinaisoma. Ni faili za maandishi tu, unaweza kuzifungua na kuzisoma kama barua.

Nilifungua ile ya Afrika nikitarajia kuona namba moja: tatu. Nikakuta historia.

Kwanza Nairobi ilifuata jua lake yenyewe: saa mbili, dakika 27 na sekunde 16 mbele ya Greenwich. Mei 1908 watawala wa Himaya ya Afrika Mashariki wakaweka saa mbili na nusu. Usiku wa mwisho wa Juni 1928 saa zikasogezwa mbele nusu saa, zikawa tatu kamili. Hazikudumu miaka miwili. Januari 1930 zikarudishwa mbili na nusu. Mwisho wa mwaka 1936 zikawa mbili na dakika 45. Halafu mwisho wa Julai 1942, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia, zikarudi tatu, na hapo ndipo tulipo hadi leo.

Mtu aliyezaliwa Nairobi mwaka 1907 akafika mwaka 1943 alibadilishiwa saa mara tano bila kuhama nyumba. Jua halikubadilika hata mara moja. Kila badiliko lilikuwa uamuzi wa watu waliokaa mezani, wakatia sahihi, wakachapisha.

Kilichonivutia zaidi si namba, ni maelezo yaliyo pembeni yake. Wanaotunza faili hiyo hawaandiki thamani pekee. Wanaandika nani alileta habari, tarehe gani, na ushahidi uko wapi. Kwa Kenya wanataja Gazeti la Serikali la enzi hizo. Kwa miaka mingi faili ilisema kwamba saa tatu kamili ilirudi mwaka 1960. Ilikuwa kosa. Mtu akachimbua magazeti ya zamani, akatuma ushahidi, mwaka ukasahihishwa kuwa 1942. Kosa lilisahihishika kwa sababu kila namba ilikuwa na mahali pa kuulizwa.

Na kuna hili, ambalo Msomali wa Wajir hawezi kulisoma bila kutabasamu. Siku hizi katika faili hiyo Mogadishu haina mstari wake. Imeunganishwa na Nairobi, pamoja na Addis Ababa, Kampala na Dar es Salaam, kwa sababu zote zina saa moja tangu mwaka 1970, na watunzaji walitaka kupunguza marudio. Historia ya saa ya Mogadishu imewekwa katika faili nyingine ya akiba. Mwaka 1962 tume ilipozunguka huku kwetu kuuliza watu wanataka nini, wengi walisema wanataka kuungana na Somalia. Haikuwa. Miaka hamsini baadaye Mogadishu ikaja kuungana na Nairobi ndani ya kompyuta, na hakuna aliyepiga risasi.

Baada ya saa nikaanza kukagua mengine. Ukurasa wa nyakati za swala una mipangilio mikuu mitatu, na nilikuwa nimeshughulikia mmoja tu, tena baada ya aibu.

Wa pili ni mahali. Hadado iko mashariki ya Nairobi, na wakati wa Ramadhani ile jua lilikuwa likizama kwetu takribani dakika kumi kabla ya huko. Nilipotazama, longitudo iliyokuwa ndani ya programu yangu ilikuwa ya Nairobi. Nilikuwa nimenakili mfano wa mtu mwingine nikasahau kubadilisha. Mwaka mzima nilikuwa nimewafuturisha watu kwa jua la Nairobi. Kwa bahati, makosa hayo yaliwachelewesha badala ya kuwawahisha, na wengi hufuata adhana, hawafuati simu.

Wa tatu ni hesabu yenyewe. Alfajiri huanza jua likiwa chini ya upeo kwa nyuzi fulani, lakini ni ngapi? Rabita ya Ulimwengu wa Kiislamu yenye makao Makka hutumia 18. Hesabu ya Misri ni 19.5. Hesabu ya Umm al-Qura ya Saudi Arabia ni 18.5. Jumuiya moja kubwa ya Waislamu wa Amerika Kaskazini ilizoea 15. Karibu na ikweta kila nyuzi ni kama dakika nne, kwa hivyo kati ya 15 na 19.5 kuna dakika kama 18: wakati wa kutosha mtu kumaliza sahani nzima akidhani bado ni usiku. Kwa Alasiri tofauti ni kubwa zaidi. Kwa Shafii, wakati huingia kivuli kinapolingana na kitu chenyewe. Kwa Hanafi, kinapokuwa mara mbili. Huku kwetu hiyo inaweza kuwa zaidi ya saa nzima.

Kifurushi nilichokitumia kilikuja na chaguo lake tayari. Nilimpelekea imamu namba hizo kwenye karatasi. Akazitazama, akauliza, "Na hii 18, nani aliichagua?"

Nikasema programu.

"Programu haina madhehebu," akasema. "Kuna mtu aliyeichagua."

Hakuwa na ubishi na 18 yenyewe. Alitaka tu ijulikane kwamba imechaguliwa, na aliyechagua awe mtu anayeweza kuulizwa msikitini.

Wahandisi walifika kwenye wazo hilohilo kwa njia yao. Mwaka 2011 Adam Wiggins wa kampuni ya Heroku alichapisha mwongozo wa kujenga programu za wavuti, na moja ya kanuni zake kumi na mbili ni kutenganisha mipangilio na msimbo. Msimbo ni ule unaobaki vilevile kila mahali. Mipangilio ni yale yanayobadilika programu inapohama kutoka kompyuta yako hadi seva: nywila, anwani ya hifadhidata, funguo za kutumia mitambo ya wengine. Kipimo chake ni rahisi: je, unaweza kuuanika msimbo wako hadharani sasa hivi bila siri yoyote kuvuja? Kama huwezi, umechanganya.

Lakini kutenganisha ni nusu ya kazi. Ukishaitoa mipangilio nje ya msimbo, inakuwa rahisi kuibadilisha na rahisi kuisahau. Msimbo husomwa na kujaribiwa. Mipangilio hubadilishwa usiku na mtu mmoja mwenye haraka. Tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika dunia nzima kwa takribani saa sita. Huku kwetu ilianza jioni kabla ya saa moja, na tulidhani mnara umekufa tena. Haikuwa mnara. Kampuni yenyewe ilieleza baadaye kwamba amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ilikata mtandao wake wa ndani, na kifaa cha ukaguzi kilichopaswa kuizuia amri hiyo kilikuwa na hitilafu. Hakuna aliyewashambulia.

Nilipomweleza adeer haya yote, alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Hata sisi tuliwekwa hivyo."

Alimaanisha Kaskazini. Mwaka 1902 Waingereza walitunga sheria ya wilaya za pembezoni, ambayo iliwawezesha kufunga eneo ili mtu asiingie wala kutoka bila kibali. Mwaka 1934 wakaongeza ya wilaya maalumu, iliyowapa maofisa nguvu za kukamata na kuadhibu watu kwa jumla. Uhuru ukaja Desemba 1963, na kabla ya mwezi kwisha hali ya hatari ikatangazwa huku kwetu. Nchi ilikuwa moja, katiba moja, lakini mkoa wetu ulipewa thamani tofauti. Vita vya Shifta vilikwisha mwaka 1967. Mpangilio haukurudishwa. Ulikuwa bado umewashwa Februari 1984, wanaume walipokusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, na wengi hawakurudi. Uliondolewa mwaka 1991. Wakati huo adeer alikuwa mtu mzima mwenye watoto, na hakuwahi kuishi siku moja ya Kenya ile iliyoandikwa kwenye vitabu vyetu vya shule.

Hata ulipoondolewa, vipande vyake vilibaki vikifanya kazi. Kijana wa Nyeri aliomba kitambulisho. Kijana wa Wajir alipigwa msasa kwanza: taja babu, taja babu wa babu, leta mzee akutambue. Mimi nilirudi kwenye ofisi moja mara tatu. Niliuliza kanuni imeandikwa wapi. Karani alinijibu bila ubaya wowote, "Hivi ndivyo huwa." Februari 2025 Rais William Ruto, akiwa ziarani Kaskazini Mashariki, alitangaza kuondoa msasa huo wa ziada. Binamu yangu anakaribia miaka kumi na minane. Tutaona kama kila mashine imesoma faili mpya.

Sisemi kwamba serikali ni tovuti. Nasema "hivi ndivyo huwa" ni jibu la mtu anayetumia mpangilio asioujua ulikotoka, na mimi nilikuwa na jibu hilohilo kwa ayeeyo. Tofauti ni ukubwa tu.

Kwa hivyo nilibadilisha namna ninavyofanya kazi. Saa huhifadhiwa kwa UTC ndani, na hugeuzwa kuwa ya Nairobi mtu anapoisoma. Programu ikikosa mpangilio mmoja inakataa kuwaka na inasema ni upi, badala ya kubahatisha. Siri zinakaa kwenye faili yake isiyotoka nje ya seva. Yasiyo siri yanakaa kwenye faili moja iliyo wazi, na kila mstari una maelezo pembeni, kama nilivyojifunza kwa wale watunza saa: thamani, nani aliichagua, lini, na kwa nini.

Imamu aliniomba nakala ya karatasi. Ukiingia msikitini utaiona karibu na rafu ya viatu. Saa: Nairobi. Mahali: Hadado, si Nairobi. Alfajiri: nyuzi 18, amechagua imamu. Alasiri: Shafii. Chini kuna jina langu na namba ya simu, ya kulalamikia.

Ayeeyo hajui kusoma Kiswahili, lakini alisomewa. Aliridhika. Hata hivyo Ramadhani iliyofuata alimtuma mjukuu Wajir akamnunulia saa ya mezani, ile ya kengele, na akaiweka mwenyewe.