Jinsi ya kutambua maradhi ya misonobari na misaipresi

Misonobari na misaipresi husifiwa kwa kubaki kijani mwaka mzima, lakini majani yake nayo huzeeka na kuanguka. Majani ya ndani, yaliyo karibu na shina, yakigeuka manjano kwa kiasi kinacholingana mti mzima huku ncha za matawi zikiwa kijani, huo ni uzee wa kawaida.

Maradhi hutambuliwa kwa kuangalia mahali ukavu ulipoanzia na kilichopo hapo.

Katika msaipresi, tawi moja likikauka lote hali mengine ni mabichi, gome lichunguzwe. Gome lililopasuka, kudidimia na kutoa utomvu ni alama ya donda linaloletwa na kuvu wanaoingia kupitia majeraha. Donda hilo ndilo lililofanya Kenya iache kupanda Cupressus macrocarpa katika mashamba ya misitu na kuchagua Cupressus lusitanica.

Hata hivyo, Cupressus lusitanica nao ulipata adui: kidukari wa msaipresi, aliyegunduliwa Malawi mwaka 1986 na Kenya mwaka 1990. Mdudu huyo hufyonza utomvu, na ukavu wake huanzia ndani kuelekea nje, hivyo wengi huudhania uzee. Kinachoutofautisha ni matawi yanayonata, ukungu mweusi mfano wa masizi, na sisimizi wanaopanda na kushuka.

Katika msonobari, mikanda myekundu kwenye jani, ncha ikiwa kavu na kitako kikiwa kijani, ni dalili ya ugonjwa wa Dothistroma. Huanzia matawi ya chini na huenezwa na matone ya mvua. Kutokana na ugonjwa huo, katika miaka ya 1960 Kenya na Tanzania ziliacha Pinus radiata na kutegemea zaidi Pinus patula.

Tawi lenye donda hukatwa wakati wa kiangazi, chini ya sehemu iliyoathirika, kisha huchomwa moto. Msumeno husafishwa kwa spiriti kabla ya kugusa mti mwingine. Donda likilizunguka shina, mti hauponi.

Miti hii haichipui tena kwenye tawi lililokwisha kukauka. Mwenye ua wa misaipresi anayesubiri hadi mti mzima ubadilike rangi hubaki na pengo lisilozibika ila kwa kupanda upya.